Kitambaa cha Buluu kwenye Filamu ya Eksirei

Nyinyi vijana wa Kahawa Sukari mliokuja kuchukua kamera yangu ya mbao, kuna jambo sikuwaambia siku ile. Mlikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja, na mmoja wenu tayari alikuwa ameingiza kichwa chini ya kile kitambaa cheusi akipiga kelele, "Aki kila kitu kiko miguu juu!" Nikacheka pamoja nanyi, nikawafungia miguu ya kamera kwa kamba, mkaenda. Kisha nikaketi nikaanza kujilaumu kwamba sikuwaeleza vizuri. Kujilaumu nimekufanya kwa miaka mingi kuliko kupiga picha.

Najua ni kichekesho mtu wa miaka thelathini na mitano kujiita mstaafu. Lakini ngozi ya vidole vyangu ilikataa dawa za picha. Iliwasha, ikapasuka, ikatoa maji, mpaka daktari akaniambia nichague moja. Nikachagua vidole. Siku hizi ninauza miche ya maparachichi huko Theta, na kusema kweli nina raha. Mche haukuulizi kama umetoka vizuri.

Miaka tisa nilipiga picha za watu nyuma ya duka la fundi cherehani pale Ruiru. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa video za mtandaoni za wazungu waliokuwa na baridi ya kwao, maji ya kwao na dirisha la kwao, halafu nikashangaa mambo yangu hayafanani na yao. Video haikuambii kwamba Ruiru mwezi wa saba maji ya asubuhi ni baridi kiasi cha kuifanya filamu itoke hafifu kama uji wa mgonjwa. Haikuambii pia kwamba ukiosha filamu kwa kahawa ya unga, magadi ya kufulia na vitamini C, chumba kitanuka vibaya hadi fundi cherehani abishe mlango aulize kama kuna kitu kimekufa. Nilijifunza kupasha maji kidogo na kumpelekea fundi mandazi.

Makosa yangu mengine mtayarudia tu, kwa hivyo nisijifanye ninawaokoa. Mtasahau kuondoa kile kibati kinachofunika filamu, mhesabu sekunde kwa heshima zote, mteja ashike pumzi mpaka macho yamtoke, na mkifika chumba cha giza mkute mmepiga picha ya kibati. Mimi nilimfanyia hivyo pasta mmoja mara mbili kwa siku moja. Mara ya tatu aliomba kabla sijaanza.

Filamu yenyewe mtatumia ya eksirei kama mimi, kwa sababu ile ya kamera haipatikani kwetu kwa urahisi. Ina faida moja kubwa: haioni nyekundu. Unaweza kuikata na kuiosha chini ya taa nyekundu ukiona unachofanya. Lakini kwa sababu hiyohiyo rangi ya mdomo nyekundu inatoka nyeusi tititi, na ngozi yetu inatoka nyeusi kuliko ilivyo. Hayo nilikuwa nayajua. Nilidhani ninajua yote, na hapo ndipo Shosho Gathoni, bibi mmoja wa Theta, alipoingia.

Alikuja chumbani kwangu asubuhi moja na mume wake, babu niliyemwita Guka tu, ambaye alibaki mlangoni akiwa ameshika kofia mkononi kama mtu aliyekuja hospitali kumwona mgonjwa. Shosho alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, masikio yake yametobolewa kizamani, na meno ya mbele yana mwanya. Akaniangalia kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Ni wewe unapiga zile picha za kikale?"

"Ni mimi, Shosho."

"Za simu sitaki. Wajukuu wamenipiga mia moja, halafu simu ikaibiwa Githurai. Nikaenda na mwizi."

"Mpige upesi," Guka akasema kutoka mlangoni, "kabla hajabadilisha nia. Mimi nilimngoja miaka arobaini."

"Ati nani alingoja nani?" Shosho akageuka mzimamzima. "Haiya! Mwambie huyu msichana nani alingoja!"

Guka akavaa kofia, akatoka nje kuangalia cherehani.

Basi Shosho akanieleza, na ninawaeleza na nyinyi kwa sababu bila haya hamtaelewa kosa langu. Kanisani kwao kuna chama cha akina mama. Ili uingie, lazima ndoa yenu iwe imebarikiwa kanisani. Shosho na Guka walioana kwa mila, wakalea watoto saba, lakini Guka alikataa katakata kwenda kusimama mbele ya madhabahu. Alikuwa anasema Mungu amewaona tayari, kwa nini wamsumbue tena. Kwa hiyo kila mara akina mama walipokutana, Shosho alikuwa jikoni. Alipika chai yao, akaosha vikombe vyao, lakini hakukaa nao mezani. Miaka yote hiyo. Halafu mwaka mmoja na kitu kabla ya kuja kwangu, asubuhi moja akinawa uso, Guka akasema tu, "Nenda umwambie pasta tutakuja." Hata leo hakuna anayejua ni nini kilimwingia.

Baada ya kubarikiwa ndoa, Shosho alianza masomo ya chama. Anayesoma huvaa kitambaa cheupe kichwani. Akihitimu, anatoa ahadi mbele ya kanisa zima na kuvalishwa kitambaa cha buluu. Shosho alivaa cheupe mwaka mzima akiketi na wanawake wa umri wa binti zake, na wakimtania walimwita "mwanafunzi". Wiki tatu kabla hajaja kwangu alivalishwa cha buluu. Jumapili iliyokuwa inakuja, kufuatana na desturi yao, chama kizima kingekwenda nyumbani kwake Theta kuomba na kunywa chai. Alitaka wakiingia wakute picha ukutani, yeye na kitambaa chake.

"Nataka ile ya kukaa miaka," akasema. "Nikifa wajukuu wasikate kichwa changu kutoka kwa picha ya harusi ya mtu wakiweke juu ya jeneza."

Mimi nikasikia neno "ya kukaa" na nikapagawa. Nilikuwa hivyo wakati ule. Mtu akiniambia anataka kitu kizuri, mimi nasikia anataka kitu kisicho na kasoro, na usingizi unaisha. Nilimweka kwenye kivuli cha ukuta ambako mwanga ni laini. Nilipima mwanga wa uso wake mara sita. Kwa kuwa filamu hutia ngozi weusi, niliongeza mwanga ili uso usipotee. Sekunde mbili. Nilipiga tatu, nikaosha tatu, nikachagua moja, nikaichapa mara kumi na moja mpaka nikaridhika. Nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Kope zilionekana moja moja. Uzi wa pindo la kitambaa ulionekana. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi nzuri hivyo, na nitakiri, nililia kidogo.

Jumanne nikaipeleka Theta ikiwa imefungwa kwa karatasi ya kaki. Shosho alifuta mikono, akaifungua mezani, akaiangalia kwa muda.

"Ni nzuri," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Halafu: "Na hiki kitambaa ni cha nani?"

"Ni chako, Shosho."

"Changu ni cha buluu."

"Ndiyo, lakini picha hii haina rangi. Yaani kila kitu kinakuwa..."

Hakuningoja. Aliingia chumbani akarudi na kitambaa chenyewe na blauzi yake nyeupe, akavitandaza kando ya picha. Mezani palikuwa na cheupe na cha buluu, vimeachana kama mchana na jioni. Pichani, blauzi ilikuwa nyeupe na kitambaa kilikuwa cheupe, sawasawa, kama vilikatwa kwa shuka moja.

"Kwa hivyo," Shosho akasema polepole, "hapa mimi bado ni mwanafunzi."

Nikaanza kumweleza. Nikamweleza habari za filamu, za mwanga, za buluu na nyekundu, mikono yangu ikienda huku na huku. Guka, aliyekuwa pembeni na sahani yake, aliacha kutafuna. Shosho alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Haya, mami. Na Jumapili utasimama mlangoni umweleze kila mmoja hivyo?"

Wadogo zangu, nilikunja karatasi ya kaki nikaaga.

Sasa niungame vizuri. Kitu cha kwanza nilichofikiria nikitoka pale ni kwamba mama huyu hajui picha. Nilikuwa nimempa kope zake zote, na yeye analia na kitambaa! Kitu cha pili, nilipofika nyumbani, nilichukua moja ya zile picha nilizozikataa nikajaribu kukitia kitambaa wino. Kikawa kama amevaa sufuria. Nikajaribu penseli. Kikawa kama amevaa sufuria iliyoungua. Jumatano yote ilipita hivyo. Ni Alhamisi tu, nikiwa nimetafuna kucha zote, ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya Jumanne: nilikwenda Thika kwa Mzee Mutua.

Mzee Mutua ndiye mwalimu pekee niliyekuwa naye, na hata yeye hakujiita hivyo. Alifanya kazi studio ya Thika enzi za filamu mpaka simu zikaimaliza, akabaki kufuga sungura. Tulijuana siku alipopita kwangu akachungulia chumba cha giza akasema, "Msichana, hii taa yako nyekundu ni ya picha ama ni ya baa?" Nilikasirika. Kisha akanionyesha kwamba taa ile ilikuwa kali mno na ndiyo iliyokuwa inatia ukungu filamu zangu. Nilikuwa nimeilaumu kampuni ya filamu, mashine ya eksirei ya hospitali nilikozinunua, hata maji ya Ruiru.

Nikamwekea picha ya Shosho juu ya kibanda cha sungura. Akaiangalia.

"Uso ni mzuri sana," akasema.

"Kitambaa hiki ni cha buluu, Mzee."

Alicheka mpaka sungura wakakimbilia pembeni. "Ulimweka wapi?"

"Kivulini."

"Siku ya jua?"

"Ndiyo."

"Na ukapima uso peke yake?"

"Mara sita."

"Sasa sikiliza. Kivulini siku ya jua, mwanga unatoka mbinguni, na mbingu ni ya buluu. Filamu yako na buluu ni kama nyuki na ua. Halafu wewe ukaongeza mwanga tena! Ulitaka kitambaa kifanye nini?" Akafuta macho. "Usilie. Mimi nilipiga fainali ya mpira hapa Thika. Timu moja jezi nyeupe, nyingine jezi ya buluu. Baada ya mechi nikawapanga wote ishirini na wawili na kombe. Nilipoichapa, kapteni akaja akaiangalia akaniuliza, 'Mzee, sasa tulimshinda nani?'"

Aliingia ndani akatoka na kioo kidogo cha manjano kilichofungwa kwa kitambaa cha flaneli, ukingo wake umemeguka. Kioo hicho ndicho mlichokikuta kwenye sanduku la kamera mkadhani ni taka. Kinazuia buluu. Ukikiweka mbele ya lenzi, kitu cha buluu kinatoka cheusi kama kinavyostahili, na cheupe kinabaki cheupe.

"Lakini kinakula mwanga," Mzee akasema. "Zile sekunde zako mbili zitakuwa nane."

"Nane! Mzee, huyo mama hawezi kunyamaza sekunde nane."

"Basi usimwambie anyamaze. Ukimwambia mtu atulie, kila kitu kinaanza kumwasha. Na asivute pumzi. Aliyevuta pumzi ni mpira, atadunda. Atoe pumzi, halafu mpe kazi ya moyoni. Mimi nilikuwa nawaambia wahesabu mbuzi wao."

"Na asiye na mbuzi?"

"Wakati huo nani hakuwa na mbuzi?"

Ijumaa asubuhi nilikuwa Theta na kamera, kioo na filamu nne nilizokata, hizo tu. Nilimtoa Shosho kivulini. Kulikuwa na wingu jembamba, lile linalopooza jua bila kulizima, na huo ndio mwanga wa kuwapigia watu wazima, uwekeni akilini. Nyuma ya kiti nilifunga mpini wa ufagio, juu yake nikazungushia sweta la Guka, ili kisogo cha Shosho kipate pa kuegemea pasipoonekana. Akavaa blauzi. Akajifunga kitambaa mwenyewe, akakifungua, akakifunga tena, mpaka pindo likawa sawa juu ya paji la uso. Kazi ya Guka ilikuwa kufukuza kuku na kutosema neno.

Filamu ya kwanza, sekunde ya sita, Guka akauliza, "Mmemaliza?"

"Bado!" Shosho akajibu.

Filamu ya pili, nilisahau kibati. Ndiyo, hata baada ya miaka yote ile. Nilikuwa nimeshughulika kupima, nikapima tena, nikahesabu nane tamu kabisa juu ya kibati kilichofungwa, kisha nikakichomoa kwa haraka kabla ya kufunga lenzi, filamu ikaharibika. Nilipowaambia, Shosho alicheka mpaka nikalazimika kupanga kiti upya.

Filamu ya tatu nilimwambia atoe pumzi, na nikamwomba aseme moyoni yale maneno aliyoyasema kanisani siku ya kuvalishwa. Uso wake ukabadilika. Haukuwa mkali wala haukucheka. Ulitulia tu, kama maji ya ndoo uliyoiweka chini. Nikafungua lenzi. Moja, mbili, tatu. Guka alikuwa amemkumbatia kuku mmoja kifuani, amemziba mdomo. Saba, nane. Na katika ile ya nane, nikiwa nakaribia kufunga, midomo ya Shosho ikasogea. Neno la mwisho lilimtoka.

"Tena," nikasema. "Shosho, tafadhali. Midomo imesogea. Nina filamu moja imebaki."

"Imetosha. Chai inapoa."

"Nane tu! Itakuwa kamili."

Alisimama, akachomoa sweta kutoka kwenye mpini akamrudishia Guka. "Mami, maneno yale niliyasema mara moja mbele ya kanisa, na nikavalishwa. Hakuna aliyeniambia nirudie." Kisha akaingia ndani kumimina chai.

Ile filamu ya nne ilirudi Ruiru ikiwa tupu. Mnisikilize hapa, maana najua mmoja wenu ni kama mimi. Nilimwona akifuta lenzi mara kumi. Ningemlazimisha angekaa. Ni mama mwenye adabu. Lakini ningepata mdomo uliotulia wa mtu aliyechoshwa na mimi. Leo naweza kulisema hilo kwa utulivu. Siku ile nilikunywa chai nikiwa nahesabu moyoni midomo imesogea milimita ngapi.

Jumamosi, madirisha yamezibwa kwa blanketi na fundi cherehani akigonga ukuta kwa sababu ya harufu, niliosha filamu. Kitambaa kilitoka. Kilitoka cha kijivu kizito, kimeshuka kwa heshima juu ya paji la uso, na chini yake blauzi ikang'aa. Uso ulikuwa mweusi kuliko ule wa kwanza, kila kunjo limechorwa kama matuta ya shamba lililotoka kulimwa. Kope hazikuhesabika. Na midomo, kama nilivyoogopa, ilikuwa na ukungu kidogo pembeni, kama mtu anayeanza kusema kitu.

Niliipeleka jioni hiyohiyo. Kabla Shosho hajafungua karatasi, nilishaungama yote, kwamba midomo, kwamba ukali wa picha, kwamba kioo kimemeguka. Hata hakuitazama midomo. Alileta tena kitambaa na blauzi, akaviweka kando ya picha, akaangalia huku, akaangalia huku.

"Sasa," akasema. Neno moja. Guka alikuwa tayari ana nyundo.

Jumapili alinialika, nikaenda. Akina mama waliingia wakiimba, kama ishirini, vitambaa vya buluu tupu. Kwa mara ya kwanza jikoni palikuwa na mtu mwingine, binti ya Shosho, na mimi nikajipa kazi ya kuzungusha sahani ya mandazi ili nipate sababu ya kusimama mbele ya picha. Nilikuwa nazuia midomo isionekane. Waliomba, wakaketi. Shosho aliketi katikati ya meza, mikono juu ya mapaja, hajui aiweke wapi bila birika.

Kisha Mama Kiarie, mwenyekiti wao, akainuka. Huyu ndiye aliyekuwa, miaka nenda miaka rudi, akitoa kichwa mlangoni kusema, "Gathoni, chai imeisha huku." Alikuja moja kwa moja ukutani, akanisogeza kwa mkono kama pazia, akavaa miwani. Shosho hakuinua macho. Mama Kiarie alisogea mpaka pua ikakaribia kioo cha fremu, na mimi nikaanza kutafuta maneno ya kueleza kuhusu midomo.

Alishika pindo la kitambaa chake mwenyewe, akakivuta mbele akitazame, akarudi kutazama picha ile isiyo na tone la rangi.

"Gathoni," akasema, "buluu yako imekolea. Tazama yangu ilivyopauka. Unafulia sabuni gani?"

Shosho akavuta kiti mbele, karibu na meza, akaegemeza viwiko vyote viwili.

"Ya kipande," akasema. "Na usianike juani."